Faili la Mboni Abdulhamidi

Mwalimu Gabrieli Alute alifundisha watoto wasioona kwenye shule moja ya msingi upande wa Kiomboi, na yeye mwenyewe hakuwa anaona tangu surua ilipomchukua macho akiwa na miaka minne. Shule ilikuwa imepewa na wafadhili mashine ya kuchapa nukta nundu, yale maandishi ya vidoti yanayosomwa kwa vidole. Ilifanya kazi vizuri mwaka mzima. Halafu radi ikapiga, kompyuta iliyokuja na mashine ikaungua, na programu ya kuiendesha ikafa nayo. Programu ile ilikuwa imeuzwa kwa kompyuta ile moja tu. Ukitaka kuiweka kwenye nyingine, ununue upya. Mashine ikafunikwa turubai, ikawekwa stoo.

Gabrieli akarudi kwenye kibao na kalamu ya chuma. Alitoboa karatasi nukta moja moja, na akimaliza nakala ya mtoto mmoja anaanza ya mwingine. Darasa la saba alikuwa na wanafunzi tisa. Mtihani wa majaribio wa darasa la saba wa mwaka 2004 ulipofika, wenzao wanaoona walipewa karatasi zao asubuhi ileile. Yeye alikuwa amemaliza nakala tatu. Watoto sita wakasomewa maswali kwa sauti na msimamizi. Mmoja wao alikuwa Happiness, ambaye kwa hesabu hakuwa na mpinzani darasani. Alipata alama mbaya.

"Mwalimu, mimi sikushindwa hesabu," alimwambia. "Nilishindwa kushika jedwali lote kichwani. Alilisoma mara moja, akapita."

Wiki iliyofuata Gabrieli alipanda basi la Singida, akiwa na kipande cha karatasi chenye jina la mashine, akaulizia mtu anayejua kompyuta. Watu wa stendi wakampeleka kwa Mboni.

Mboni binti Abdulhamidi alikuwa na miaka thelathini na tatu, na chumba kimoja chenye kompyuta mbili, printa na mashine ya fotokopi. Baba yake aliuza nguo. Mboni alikua akisikia jinsi mzee alivyokuwa akipewa mgawo wa khanga na duka la serikali, achukue rangi aliyopewa na asiulize. Biashara ilipofunguliwa, Mzee Abdulhamidi akaanza kuagiza mwenyewe, na binti yake akamwona kwa mara ya kwanza akichagua. Mboni alijifunza kupiga chapa, kisha akapata kompyuta iliyotumika kutoka Dar es Salaam, akaweka kibao mlangoni. Mjini alijulikana kwa jambo moja: aliwahi kuletewa barua ya ofisi fulani aipige chapa, akairudisha imesahihishwa makosa kumi na moja kwa kalamu nyekundu. Bosi wa ofisi ile alikasirika. Mboni akamwambia, "Nimekusaidia hapa ndani, kabla hujaaibika huko nje."

Alimsikiliza Gabrieli mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Mashine yenyewe nzima?"

"Nzima, dada Mboni. Inasubiri mtu wa kuisemesha."

Mboni alikwenda kwenye chumba cha intaneti karibu na soko, akatafuta siku tatu. Siku ya tatu akaipata programu inayoitwa Pontinho, jina la Kireno lenye maana ya kanukta. Iliandikwa na watu wa kujitolea wa nchi mbalimbali, na kiongozi wao alikuwa Paulo, mhandisi wa Brazili. Ilikuwa programu huria: ya bure, na yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuibadilisha na kuigawa. Alifurahi hata akamwambia mwenye chumba. Laini ya simu iliyoleta intaneti ilikatika mara nne kabla faili halijamaliza kushuka.

Alipolifungua hakukuta programu. Alikuta makabrasha, na ndani ya makabrasha maandishi: mamia ya kurasa za lugha ya watengenezaji, ambayo kompyuta haiwezi kuitumia mpaka ijengwe kwanza. Maelezo yalisema atafute chombo cha kujengea, kisha atafute vifurushi vingine kumi na viwili, kila kimoja kwenye ukurasa wake, kisha aandike amri hizi na hizi. Faili la kubonyeza likafunguka halikuwepo.

Mradi ule ulikuwa na baraza la barua pepe, ambapo barua ya mmoja inawafikia wote. Mboni akaandika kwa Kiingereza chake cha shule. Alieleza shule, mashine na watoto tisa, akauliza: lile faili lililokwisha kutengenezwa liko wapi?

Paulo alijibu kesho yake, kwa adabu. Hawatoi mafaili yaliyotengenezwa. Msimbo, yaani yale maandishi ya watengenezaji, uko wazi, kila mtu ajenge kwa ajili ya mashine yake; huo ndio uhuru wenyewe. Mwanachama mwingine akaongeza kwamba wanaotaka kubonyeza tu wakanunue programu za kulipia.

Mboni alisoma lile jibu la pili mara mbili. Alilipia nusu saa nyingine, akaandika:

"Kwetu mgeni akiingia na njaa hatumpi mbegu za mtama na jembe tukamwambia karibu chakula. Mbegu ni nzuri, na anayetaka kulima mtampa. Lakini programu hii mmeiandika kwa ajili ya wasioona. Niambieni, katika nyinyi nyote mliomo humu, ni wangapi wasioona walioweza kuijenga? Kama hamjui, basi hamjui mnaoandikia."

Hakujibiwa na mtu. Akarudi dukani akiwa na hasira, na hasira yake ilikuwa ya aina inayofanya kazi. Alimpigia simu binamu yake Rahma, aliyekuwa akisoma Dar es Salaam, akamtajia vitu kumi na vitatu kimoja kimoja, herufi kwa herufi. Rahma alivipakua chuoni, akavichoma kwenye CD, akaikabidhi kwa kondakta wa basi.

Ilimchukua wiki sita. Mboni hakuwa mtengenezaji wa programu; alijua kupiga chapa, kufunga printa na kusafisha virusi. Kila asubuhi kabla ya wateja alitoa amri ya kujenga, na kila asubuhi kioo kilimjazia makosa. Aliyachapa kwenye karatasi, akayapigia mistari kama alivyozoea kufanyia barua za watu. Aligundua kwamba mengi yalikuwa kosa moja linalozaa mengine. Kifurushi kimoja kilikuwa kimebadilishwa jina na wenyewe, na maelezo ya Pontinho bado yalitaja jina la zamani. Kitu kidogo hicho kilimla siku tisa. Baba yake alipita dukani akamkuta amelala kwenye meza mchana, shavu juu ya karatasi.

"Wanakulipa hawa watu?" aliuliza Mzee Abdulhamidi.

"Hapana, baba. Wananidharau."

"Na unafanya kazi yao?"

"Nafanya ya Mwalimu Gabrieli."

Siku programu ilipokubali kujengeka, aliibeba kompyuta yake moja ndani ya blanketi hadi shuleni. Wakatoa mashine stoo, wakaiunganisha. Ikanguruma, ikatoa ukurasa. Gabrieli akapitisha vidole mstari wa kwanza, wa pili, akasimama.

"Nini?" Mboni aliuliza.

"Imeandika ng'ombe kama ngombe. Na hapa imeweka kifupisho cha Kiingereza katikati ya neno la Kiswahili."

Programu haikujua Kiswahili. Lakini ilikuwa na jedwali la kugeuzia herufi kuwa nukta, linaloweza kuandikwa upya, na hapo Mboni alikubali, kwa sauti, kwamba msimbo kuwa wazi ni jambo kubwa. Walikaa siku mbili pale darasani, Gabrieli akitaja jinsi kila herufi na kifupisho kinavyoandikwa, Mboni akiandika, mashine ikichapa, vidole vikihakiki. Ukurasa wa mwisho Gabrieli aliusoma kimya hadi chini, kisha akamwita Happiness akampa. Msichana akasoma jedwali la mvua za miezi sita, akarudi juu, akalisoma tena kwa mwendo wake.

"Naweza kurudia," alisema.

Mboni hakurudi mjini ameridhika. Alikaa kwenye kiti cha basi akifikiria walimu wengine wenye mashine zilizofunikwa. Wiki ile aliifunga Pontinho yote, na jedwali la Kiswahili ndani yake, kwenye faili moja. Alitupa kila kisichohitajika mpaka likaingia kwenye diski moja ndogo ya flopi, maana laini zetu za simu zilikuwa haziwezi kupitisha zaidi ya hapo, na shule nyingi hazikuwa na kompyuta ya kusoma CD. Ukibonyeza mara mbili, linajisimika lenyewe, na kila hatua inatamkika kwa anayetumia programu ya kusoma kioo kwa sauti. Aliandika maelezo ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili. Akaliweka kwenye ukurasa wa bure wa intaneti, kisha akalitangaza kwenye baraza la mradi kwa sentensi mbili.

Watu walilichukua. Aliandika mwalimu wa Dodoma, padri wa Malawi, mama mmoja wa Uganda mwenye mtoto asiyeona. Kinyangiri kulikuwa na mstaafu, Mzee Yohana, aliyepoteza macho ukubwani, akaomba achapiwe Injili ya Marko.

Paulo naye aliandika, na safari hii adabu ilikuwa imepungua. Alimtaka Mboni aliondoe faili. Watu watapata matatizo wasiyoyajua wao waandishi, na watawalalamikia wao. Nani anajua kilichomo ndani ya faili la mtu wa mbali asiyejulikana? Na jina la Pontinho ni la mradi.

Mzee Abdulhamidi alisomewa barua ile, akafikiri. "Mwanangu, wenye mali wamesema. Mali ya mtu ukikatazwa unaacha."

"Baba, sikuiba. Leseni yao inasema naruhusiwa kuigawa, mradi niseme nilichobadilisha na nitoe msimbo pamoja nayo. Nimefanya yote mawili. Nimeisoma leseni yao kuliko wao."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo siondoi."

Ndivyo alivyowajibu, neno moja la Kiswahili: "Siondoi." Chini yake akawatafsiria.

Miezi miwili baadaye jambo alilolisema Paulo lilitokea. Simu ilipigwa kutoka shule moja ya mbali, mkoa mwingine, ya mwalimu mkuu mwenye ghadhabu, aliyeulizia mpaka akapata namba ya Mboni. Waliweka flopi ya Mboni, na kompyuta yao pekee imekufa, na ripoti zote za muhula zimo ndani. Mtu mmoja akalipeleka neno hilo kwenye baraza la mradi. Yule aliyekuwa amesema watu wakanunue programu za kulipia akaandika, "Tulionya."

Mboni hakula siku ile. Aliwaza kwamba labda kweli alijenga vibaya, labda alikuwa na kiburi cha kushika asichokijua. Alifunga duka siku tatu, akapanda mabasi mawili hadi shule ile, akamwamkia mwalimu mkuu kwa heshima zote, akaomba aione hiyo flopi. Mwalimu mkuu aliirusha mezani.

"Hii nilipewa na rafiki yangu, naye alipewa na mtu."

Mboni akaiweka kwenye kompyuta aliyokuja nayo na kuutazama ukubwa wa faili. Lilikuwa kubwa kuliko lake. Njiani, kutoka mkono hadi mkono, limepita kwenye kompyuta yenye kirusi, likaondoka na mgeni. Alikaa pale siku nzima na nusu akiokoa ripoti za muhula, akapata karibu zote. Mwalimu mkuu alimletea chai mwenyewe, lakini hakuomba radhi, na Mboni hakumtegemea aombe.

Akiwa njiani kurudi aliitunga barua. Alipoituma ilikuwa ndefu kuliko zote alizowahi kuandika.

"Mlisema kweli kuhusu jambo moja," aliandika, "mtu hawezi kujua kilichomo ndani ya faili la mtu wa mbali. Kwa hiyo kuanzia leo faili langu lina jina langu, mji wangu, tarehe na namba ya toleo, ili tatizo likitokea niulizwe mimi. Nimeweka ukubwa wake na alama yake." Hapo aliwaeleza anavyofanya: faili linapitishwa kwenye hesabu, linatoa mstari wa herufi na tarakimu kama alama ya kidole gumba, na ukibadilisha chochote ndani, hata kwa bahati mbaya, mstari unakuwa mwingine. "Nimeandika pia kila hatua niliyofuata kulijenga. Asiyeniamini ajenge kama mimi, alinganishe. Mimi nimejibu. Sasa nyinyi. Mwalimu yule alichukua flopi kwa rafiki wa rafiki kwa sababu hakujua pa kulipata faili safi. Kwenye ukurasa wenu, mahali ambapo kila mtu angelitafuta kwanza, halipo. Mnadhani msipotoa faili hakuna faili litakalotembea? Yatatembea mengi, na hamtayajua hata moja. Hamkuwalinda watu. Mmejilinda wenyewe na maswali yao. Na faili langu siondoi."

Zikapita siku kumi na tisa.

Barua ya Paulo ilipokuja haikuanza na mradi. Alisema ofisini kwake kuna mwanamke asiyeona anayepokea simu. Kwa miaka minne Paulo alikuwa akipita mbele ya meza yake kila asubuhi, na siku moja alimwahidi kumfundisha kuijenga Pontinho, lakini nafasi haikupatikana. Juzi alimsikia mwanamke yule akimweleza mwenzake jinsi anavyochapa mapishi yake mwenyewe nyumbani. Akamwuliza anatumia nini. "Pontinho yako," alijibiwa. "Nimeipata kwa bibi mmoja wa Afrika. Kwako sikuweza kuipata." Anaitumia mwezi wa tatu sasa, akiruka maelezo ya Kiswahili kwa kubahatisha.

Paulo aliandika kwamba aliona aibu, akaiweka hivyo bila kuipamba. Aliuliza kama Mboni atakubali kuwa mjengaji rasmi wa mafaili ya Windows, na faili liwekwe juu kabisa kwenye ukurasa wa mradi, na msimbo chini yake kwa wanaoutaka.

Mboni aliwapa habari baba yake na Gabrieli. Gabrieli alicheka mpaka akatoa neno la Kinyiramba. Lakini barua ilikuwa na ukurasa wa pili, wenye masharti ya wanachama. Faili liwe na Kiingereza peke yake, ili lifanane kote. Jedwali la Kiswahili litolewe, lipatikane pembeni kwa atakayelitafuta. Jina la mjengaji lisionekane.

"Kubali, dada," Gabrieli alisema baada ya kusomewa. "Umeshinda. Hayo mengine ni madogo."

"Mwalimu, mtoto wako wa darasa la tatu atakwenda pembeni kutafuta nini? Atajuaje kuna pembeni?"

"Basi waandikie," Gabrieli alisema.

Mboni akawajibu wanachama kwamba kazi anaikubali na masharti anayakataa. Lugha zikae ndani ya faili, zote zilizokwisha tengenezwa, na mtu achague mwanzoni. Jina lake litabaki kwa sababu ndilo linalojibu simu. Wakikataa, ataendelea na ukurasa wake, wao waendelee na wa kwao, na watu watajionea. Walibishana kwenye baraza wiki nzima. Wawili walijitoa, akiwemo yule wa programu za kulipia. Waliobaki walikubali lugha na jina, ila walishikilia kwamba kila faili likaguliwe na mtu mwingine mmoja kabla ya kutoka, na Andrea wa Italia akajitolea kukagua. Sharti hilo Mboni alilipenda. Alikasirika kidogo kwamba hakulifikiria yeye.

Mtihani wa mwisho wa Happiness ulikuwa na mambo yake, kwa kuwa ulitengenezwa na kupelekwa na wenye mamlaka yao, na hiyo ni habari nyingine. Lakini mazoezi ya mwaka ule, na vitabu vya hesabu ambavyo Gabrieli alikuwa akiota kuvipata, vilichapwa shuleni, nakala tisa kwa wakati mmoja. Happiness alifaulu kwenda sekondari. Watatu kati ya tisa walifaulu. Gabrieli alisema ni wachache. Mwaka wa nyuma hakukuwa na hata mmoja.

Mwaka 2006, ulipokuwa mgao wa umeme, Paulo alitangaza barazani kwamba toleo jipya la Pontinho limetoka. Pongezi zikaanza kumiminika. Mboni alikuwa amepata umeme saa mbili tu siku ile, akafungua barua pepe, akaona msimbo umewekwa na faili la kubonyeza bado. Paulo alikuwa ameandika kwamba mafaili yatafuata baadaye.

Mteja alikuwa amesimama mlangoni na karatasi za kufotokopi. Mboni alimwomba asubiri kidogo, akaandika:

"Paulo, salamu. Toleo halijatoka. Limetoka kwako na kwa watu ishirini wanaoweza kujenga. Futa tangazo. Nikipata umeme Jumanne nitajenga, Andrea wa Italia akague, ndipo tutangaze, tuseme limetoka kwa wote. Mboni."

Akatuma, akapokea karatasi za mteja. Jioni Rahma, ambaye sasa alikuwa akifuatilia baraza lile akiwa Dar es Salaam, alimpigia simu kumwambia kwamba tangazo limefutwa.